Shajara ya Draivu Z: kompyuta ya mizani, Mwaloni Kirumba

Jumatatu, 2 Februari 2026

Nimeitwa kwenye ghala la dagaa hapa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza. Mwezi mpevu ulikuwa jana, kwa hiyo ghala limepoa. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi. Mitumbwi imepumzika visiwani, makuli wanacheza drafti kwenye kivuli cha lori. Mzee mwenye ghala kanipa muda kwa kalenda hiyo hiyo: "Giza likirudi mzigo unaanza kushuka, fundi. Nataka nikute kitu kinafanya kazi." Kwa hesabu yangu nina mpaka Jumatano ya wiki ijayo, labda Alhamisi.

Tatizo kama nilivyoelezwa: "Kompyuta ya mizani imezeeka, haioni Z."

Yenyewe ni Dell OptiPlex 755, Windows XP, ramu ya giga 2. Imeungwa na mizani ya jukwaa kwa ile plagi ya pini tisa ambayo mashine nyingi za siku hizi hazina tena. Gunia likipandishwa, mama wa mizani anabonyeza kitufe kimoja, programu inasoma uzito na kuongeza mstari kwenye faili la siku. Faili hilo lilikuwa linakaa kwenye draivu Z, yaani folda iliyokuwa ndani ya kompyuta ya mhasibu, ghorofani. Mhasibu anafungua, anatoa ankara, mteja anaondoka.

Mwezi wa kumi na mbili umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, kompyuta ya mhasibu ikaungua. Ikanunuliwa mpya yenye Windows 11. Tangu hapo Z ina alama ya x nyekundu, programu inauliza "uhifadhi wapi?" kwa kila gunia, na mama wa mizani anachagua flashi. Mchana na jioni anapanda ngazi kuipeleka juu. Ana umri wa mama yangu. "Shikamoo" yangu aliipokea, halafu akanionyesha magoti yake.

Kabla sijagusa chochote niliandika `net use` kwenye dirisha jeusi. Jibu: Z inaelekea `\\UHASIBU\MIZANI`, imekatika. UHASIBU ni jina la ile iliyoungua. Hiyo mpya ilikuja na jina lake la kiwandani, refu, herufi na namba zimechanganywa. Kwa hiyo wiki zote hizi kompyuta ya mizani imekuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa, na lawama ni zake. Hakuna aliyetazama anwani.

Nilidhani nitamaliza leo leo. Nikaandika anwani mpya, nikapata kosa la 53: njia ya mtandao haikuonekana. Nimerudi nyumbani Pasiansi nikiwa nimenyamaza.

Jumanne, 3 Februari

Leo nimeanza chini kabisa, kwenye waya. Nilipaswa kuanzia hapo jana.

`ping -n 100` kwenda kwenye ruta, yaani kuiita mara mia na kungoja ijibu: katika mia, 31 hazikurudi. Hilo peke yake linatosha kuua draivu ya mtandao. Mtu anayefungua tovuti kwa kebo kama hiyo ataona tu kwamba "neti iko slow", kwa sababu kivinjari kinavumilia. Faili lililo wazi halivumilii, likikatika limekatika.

Nikachomoa plagi ya kebo nyuma ya mashine. Ule ulimi wake wa plastiki ulishavunjika, na mtu mwenye akili zake alikuwa ameshindilia njiti ya kiberiti ili plagi isichomoke. Nikawasha tochi ya simu. Katika pini nane, mbili zilikuwa za kijani. Hewa ya hapa ina unyevu wa ziwa na chumvi ya samaki wakavu kutoka chumba cha pili, na shaba haina ujanja mbele ya vitu hivyo viwili.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshapiga magoti, nikafungua na kasha. Anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria anaujua usubi wa ziwani, lile wingu linaloonekana kwa mbali kama moshi unasimama juu ya maji, likifika nchi kavu linafuata taa. Basi taa moja ilikuwa ya mashine hii. Ndani ya feni kulikuwa na blanketi la usubi mkavu, vumbi na magamba ya dagaa, zito kiasi kwamba lilitoka kipande kizima kama sponji. Harufu siielezi. Nikalipeleka kasha nje, nikalipuliza kwa blowa ya fundi magari wa jirani, paka wawili wakaja kuangalia.

Kisha kebo. Nimekata sentimita tano, nikamenya, nikapanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwa mtandao wa megabiti 100 zinazobeba mzigo ni nne tu, ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. Iliyooza kuliko zote ilikuwa ya 6. Ndiyo maana taa ya kadi ilikuwa inawaka na kuzima kama mtu anayesinzia ibadani.

Ping mia, zimerudi mia. Kosa la 53 liko palepale.

Jumatano, 4 Februari

Nimepanda juu kwa mhasibu. Kompyuta mpya haijibu hata ping kutoka kwa mizani, ingawa intaneti inapata vizuri. Sababu ni ndogo na huwa nakutana nayo kila mwezi: siku ya kwanza ilipounganishwa, Windows iliuweka mtandao wa ofisi kwenye kundi la mitandao ya hadharani, kama wa hotelini au stendi. Kwenye kundi hilo fayawoli, yaani mlinzi wa mlango wa mtandao, inafunga kushirikishana mafaili na haijibu mtu. Nikaugeuza kuwa mtandao binafsi, nikaruhusu kushirikishana, nikashiriki folda ya MIZANI. Ping ikajibu.

Nikashuka. `net use Z: \\192.168.1.34\MIZANI`. Ikafikiri kidogo. Kosa la 64.

Dogo ninayetembea naye akasema, "Kaka, bado." Mimi nikafurahi. Kosa likibadilika namba, ujue umevuka mlango mmoja. 53 ni kwamba hukumpata mtu. 64 ni kwamba umempata, mmeanza kuongea, halafu akakata simu.

Alhamisi, 5 Februari

Kwa nini anakata simu? Kwa sababu ya lugha.

Windows hushirikishana mafaili kwa itifaki inayoitwa SMB. Ilizaliwa IBM miaka ya 1980, na XP inajua toleo la kwanza tu. Toleo la pili lilikuja na Vista, Windows 7 ikaongea 2.1, Windows 8 ikaleta la tatu. Kuanzia toleo la Windows 10 la Oktoba 2017, lile la kwanza haliwekwi tena bila mtu kuliomba. Kompyuta ya mhasibu inasikia salamu ya kizamani, haiielewi, inafunga mlango. Hakuna iliyoharibika hapa.

Dogo alishapata jibu kwenye simu yake. Nenda kwenye vipengele vya Windows 11, weka tiki kwenye SMB 1.0, washa upya. "Dakika mbili tu, kaka."

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ni kweli ni dakika mbili. Lakini toleo hilo la kwanza ndilo lenye tundu lililotumiwa na WannaCry tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichofunga mafaili ya watu duniani kote na kuzirudisha hospitali za Uingereza kwenye kalamu na karatasi. Kiraka cha kuliziba kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo, wengi hawakukiweka. Na kompyuta ya mhasibu ndiyo yenye mishahara, madeni ya wateja wa Kongo na mambo ya benki. Ghala hili kila mtu anaingia na flashi yake. Tiki ile sikuiweka.

Njia ya pili ilikuwa kuweka Windows 7 kwenye mashine ya mizani. Msaada wake uliisha 14 Januari 2020, ila angalau inaongea 2.1. Tatizo ni programu ya mizani. Diski yake ya kusakinishia haipo, aliyeiandika hapatikani, na ni ya zama za biti 16. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 kabisa, na Windows 11 ni ya biti 64 tu, kwa hiyo hata kuihamishia juu haiwezekani. Kufuta diski inayofanya kazi ili nijaribu bahati, hapana. Nimefanya kinyume chake: nimenakili diski nzima ya giga 80 kwenye diski ya nje, nikaifunga kwenye mfuko na kumkabidhi Mzee aiweke kwenye sefu. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni mizani yake ya akiba.

Ijumaa, 6 Februari

Sikufika Kirumba. Kazi nyingine Nyegezi, na daladala ya kurudi iliharibika Mkuyuni.

Jumamosi, 7 Februari

Usiku nilipata wazo nikiwa nimelala. Kama hawa wawili hawaelewani, nisimlazimishe yeyote ajifunze lugha ya mwenzake. Niwawekee mkalimani.

Nyumbani nina laptopu yenye kioo kilichopasuka ambayo hakuna anayeinunua. Nimeiwekea Linux na Samba, ile programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili mashine zisizo za Windows ziweze kuongea na Windows. Laptopu ina tundu moja la kebo, nikaongeza la pili kwa adapta ya USB. Tundu la kwanza linakwenda kwenye ruta ya ofisi. La pili, kebo moja kwa moja hadi kompyuta ya mizani, hakuna swichi wala ruta katikati. Huko nimewapa namba zao wenyewe: laptopu 10.0.0.1, mizani 10.0.0.2, na mashine ya mizani sikuipa lango la kutokea. Kuanzia leo XP haioni intaneti wala ofisi. Inaona kitu kimoja tu duniani. Fayawoli yake nayo nimeiambia ipokee mgeni mmoja, 10.0.0.1.

Wazo langu la kwanza lilikuwa mizani iandike moja kwa moja kwenye laptopu. Nikaliacha. Ili XP iandike, Samba ya laptopu ingebidi isikilize toleo la kwanza, na mpangilio huo ni wa mashine nzima, hauchagui tundu. Ungefunguka hata upande wa ofisi. Kwa hiyo nimegeuza: mizani inaandika kwake mwenyewe, laptopu ndiyo inakwenda kuchota. Mdomo wake unajua lugha ya zamani, sikio lake linapokea ya sasa peke yake. Kwenye Samba hivi ni vitu viwili tofauti. Tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019 pande zote mbili hufungwa, nami nimefungua ule wa kuuliza tu: `client min protocol = NT1`. NT1 ndilo lile toleo la kwanza.

Saa kumi jioni laptopu imeorodhesha mafaili ya mizani kwa mara ya kwanza. Dogo akapiga makofi, makuli wakauliza nani kafunga goli.

Jumatatu, 9 Februari

Sasa mizani iandike kwake wapi? Programu inajua Z tu, na kila ikikosa Z inauliza. Mama wa mizani kasema jambo moja la maana: asiulizwe.

Kuna amri ya tangu enzi za DOS ambayo vijana wengi hawaijui, `subst`. Inachukua folda ya kawaida na kuivisha herufi ya draivu. Kwanza nikaiondoa Z ya zamani kwa `net use Z: /delete`, kisha:

`subst Z: C:\MIZANI`

Z ikarudi, bila x nyekundu. Programu ikaandika bila kuuliza. Haijui kwamba Z haiko tena kwenye mtandao, na hakuna sababu ya kuiambia. Amri hii husahaulika mashine ikizimwa, kwa hiyo nimeiweka kwenye faili dogo la kuanzia. Na kila dakika tano laptopu inachota kilicho kipya kutoka C:\MIZANI na kukiweka kwenye folda ambayo mhasibu ataiona.

Nikajisifu mapema. Kabla ya saa sita umeme ukakatika, uliporudi mama wa mizani akapima magunia mawili ya majaribio, na mhasibu, aliyekuwa ameshuka kutazama, akaniita: "Fundi, hawa dagaa ni wa lini? Mbona 2007?"

Programu inalipa faili jina kwa tarehe. Betri ya saa kwenye madabodi ilishakufa, hivyo kila umeme unapokatika mashine inarudi tarehe mosi Januari 2007. Nikafungua flashi ya mama. Kuna faili moja la 2007 limebeba mistari ya siku nane tofauti, zimemwagwa humo kama magunia ya wateja wanane kwenye rundo moja. Mhasibu akanyamaza, halafu akatoa daftari lake. Hesabu zake za Januari hazikuwa zinakaa sawa na alikuwa anajilaumu yeye.

Betri ni CR2032, ya kawaida, volti 3. Ya zamani imesoma volti 1.9. Mpya nimeinunua mjini karibu na Makoroboi, pesa ya soda chache. Nimezima mashine na kuchomoa waya dakika kumi, nimewasha, saa ipo. Nikarudia mara tatu kwa sababu siamini vitu vinavyokubali mara ya kwanza. Kuanzia sasa laptopu ndiyo inaipa mizani saa kila asubuhi.

Mistari ya siku nane mhasibu na mama wa mizani wameitenganisha wenyewe kwa kulinganisha na stakabadhi za karatasi. Kazi hiyo ilichukua mchana wote, na haikuwa yangu kusaidia. Wanawajua wateja kwa uzito wa magunia yao.

Jumanne, 10 Februari

Upande wa mhasibu. Windows 11 za karibuni hazikubali folda ya mgeni asiye na neno la siri, nami sikutaka iwe hivyo. Nimemfungulia jina na neno la siri kwenye laptopu. Akaandika, ikamkatalia, kosa la 86. Akaandika tena. Nikamsogelea nikamuuliza, dada, unaandika nini? "Ile yangu ya kuwashia." Yaani PIN ya tarakimu nne. PIN inafungua mashine ile moja tu, haisafiri kwenye mtandao. Tukaelewana.

Kisha kosa la 1219, na hili nililileta mwenyewe. Nilikuwa nimeingia kwa jina langu kujaribu, yeye akaingia kwa lake, na Windows haikubali mtu mmoja kwenda kwenye sava moja kwa majina mawili. `net use * /delete`, nikafuta na majina yaliyohifadhiwa, akaingia.

Asubuhi x nyekundu itakuwepo sekunde chache kwa sababu anatumia Wi-Fi, inachelewa kuliko yeye kuingia. Ukibonyeza mara mbili inaondoka. Kebo ya kupanda ghorofani nimeiandikia bei, Mzee ameiangalia na kuikunja mfukoni.

Jumatano, 11 Februari

Jaribio la siku nzima kwa mzigo mdogo wa kutoka Ukara. Mara mbili laptopu ilifika kuchota wakati programu inaandika, ikakataliwa kwa sababu faili lilikuwa mkononi mwa mwenzake. Raundi iliyofuata ikachukua. Nimeiacha hivyo. Dakika tano za kuchelewa hazimwumizi mtu ambaye jana alikuwa anapanda ngazi.

Umeme ulikatika saa nane. Mizani kimya, ruta kimya, laptopu ikaendelea kwa betri yake mbovu dakika arobaini. Sikuwa nimepanga hilo, lakini nimeliandika kwenye ankara kama huduma.

Alhamisi, 12 Februari

"Mwangaluka!" Ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Nimekuta lori tatu zimejipanga na mtumbwi mkubwa umeegeshwa. Giza limerudi ziwani, dagaa wanashuka. Kelele za makuli, mizani inalia tii kwa kila gunia.

Laptopu ipo kwenye rafu juu ya mlango, mbali na panya, imefunikwa na kipande cha chandarua dhidi ya usubi. Dogo ameibandikia karatasi: USIZIME. MKALIMANI YUKO KAZINI.

Jioni mhasibu ameshuka na daftari. Stakabadhi za karatasi: magunia 214. Faili: magunia 214, tarehe ya leo. Mama wa mizani amechomoa flashi, ameifuta kwa kanga, kanipa.

"Chukua fundi, mimi sipandi tena."

Niliikagua kwenye Linux nilipofika nyumbani. Virusi vitatu na picha za harusi ya mtu. Picha nitazirudisha Jumamosi.